Jiwe la Uani

Daktari wa Ikonda alinibonyeza magoti,
akaandika vidonge, akafuta alichoandika:
"Mama, dawa yako ni joto. Hama."
Kana kwamba kuhama ni kugeuka upande kitandani.

Kwetu Makete tunaamka sakitu imelala
juu ya viazi kama chumvi ya mtu mwenye hasira.
Nimeshuka Nyegezi saa tisa za usiku
na masweta matatu, blanketi moja zito,
na namba ya dalali aitwaye Lugembe.

"Kwanza hela ya kuonyesha," akasema,
ndipo akanisalimu.

Capri Point kulikuwa na roshani
na ziwa zima limetandikwa chini yake.
Mwenye nyumba alitaka kodi ya mwaka,
tena akauliza kama nina wageni wengi.
"Hapa unalipia macho," Lugembe akaninong'oneza.
Macho yangu yameona mengi bure.

Kirumba, karibu na mwalo,
ukuta umelowa hadi usawa wa goti.
Magoti yangu yaliutambua kabla yangu.

Mabatini nilihesabu ngazi, za saruji, za mwamba,
moja ya tairi la gari,
nilipofika arobaini na moja nikaketi.
Mtoto akapita na ndoo kichwani: "Shikamoo, bibi."
Akashuka. Akapanda na ndoo ya pili:
"Shikamoo, bibi."
Nilikuwa sijainuka.

Buhongwa nyumba mpya, vigae, bomba linang'aa.
Nikalifungua. Likakohoa.
Nikauliza ziwa liko wapi; Lugembe akanyoosha kidole
nyuma ya kilima, kama anayeonyesha
alikohamia ndugu asiyepiga simu.

Siku ya nne, jioni, Kitangiri,
sauti yake ikapungua.
"Hii, mama, nikwambie ukweli. Ina kasoro."
Uani, jiwe.
Si jiwe la kukalia: jiwe kama lori la pamba,
limemeza nusu ya kiwanja, limeegemea jiko,
mjusi mwenye kichwa chekundu akipiga pushapu juu yake.
"Mwadila, mayu," akaitikia mwenye nyumba, Nyamizi,
akianua michembe aliyoianika huko juu.
"Fundi alilichoma moto, akalimwagia maji, akalipiga nyundo.
Likamshinda. Likamshinda na marehemu mume wangu.
Mimi nimelipa kazi."

Jua lilikuwa limekwisha kuzama.
Niliegemea tu, nipumzike,
na jiwe likaanza kunirudishia mchana kutwa,
polepole, kama mdaiwa mwaminifu
asiyesubiri kukumbushwa.
Joto likapita kitenge, likapita mgongo,
likateremka mahali ambapo vidonge
vilikuwa vinafika vimechoka.
Tweve wangu angecheka kaburini:
mwanamke amesafiri siku mbili
kwenda kuota moto usio na kuni!

"Kodi tunaongea," Lugembe akasema, "maana jiwe linakula nafasi."
Nikakunja uso
kama mtu anayeuziwa ng'ombe kilema.
Nikaguna. Nikalizunguka. Nikasema, "Mh, jiwe hili."
Wakapunguza elfu kumi na tano.
Mungu anisamehe, nilitaka kulikumbatia.

Ziwa ninaliona, usinionee huruma.
Liko kati ya bati la jirani na tangi jeusi la maji,
upana wa kiganja.
Asubuhi mtumbwi huingia kiganjani,
hutoka kabla sijamaliza chai.

Saa mbili usiku Nyamizi huja na kigoda chake,
akachukua upande wa mashariki, mimi wa magharibi,
jiwe katikati yetu, hatuonani,
tunaongea.
"Kwenu nako kuna mawe?" aliniuliza jana.
"Yapo," nikamwambia. "Ila yanalala mapema."

Sweta moja nimempa Lugembe, anasema la mvua za masika.
Blanketi bado sijalifungua kamba.